Kisiwa cha Tchegera na mipaka ya mashamba yetu



Kwanza tujibu lile ulizo la watu wa Oicha: nani alilipa safari ya kisiwa? Sanduku letu halikuguswa. Mulitutuma watu wane Goma kwa kikao, tukapanda ndege Mavivi sababu njia ya Kanyabayonga hatukuithubutu. Siku ya Mungu hatukuwa na kazi. Kila mtu akatoa mfukoni mwake, tukaingia mashua.

Tchegera iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, parke ileile ya 1925 inayopakana na mashamba yetu huku Beni. Kumbe inafika mpaka ndani ya maji ya Ziwa Kivu! Kisiwa chenyewe ni ukingo wa mdomo wa volkano ya zamani, umepinda kama mwezi mchanga. Udongo mweusi, ndege wengi, hema za wageni. Ziwa halina mamba wala kiboko; mmoja wetu aliogelea, mama wetu alikataa kabisa. Ng'ambo tukaona Nyiragongo.

Sisi parke tuliijua kama msitu ambako risasi zinatokea. Kukaa ndani yake tukila sambaza, bila kugeuka-geuka kuangalia nyuma, tulinyamaza muda mrefu.

Mwenye mashua ndiye alituongelesha. Januari 17, 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani, kiwanja chake kikabaki chini ya jiwe. Aliporudi hakuona ua wala mti wa mpaka. Hakupima peke yake. Majirani wote waliitana, wakaanzia kwenye nyumba moja iliyobaki imesimama, wakahesabu hatua mbele ya shefu wa avenyu. Jiwe lilelile wakalivunja, wakajengea.

"Na yule hajarudi?" tukamuuliza.

"Tulimwachia nafasi yake."

Wapendwa, mashamba ya Mbau na Oicha yamekuwa pori, na mnajua kesi tuliyo nazo kati ya waliorudi mbele na waliorudi nyuma. Kwa hiyo kamati inaomba hivi: kabla ya kutia jembe penye mpaka hauonekani, ita majirani na wazee, muanzie penye kila mtu anapajua, mto ao mti mkubwa. Wajane na yatima walio bado Butembo wawekewe sehemu yao. Mbegu za marafiki wetu zitaanza na mashamba yaliyopimwa hivyo.

Tutaanzia Mbau. Mwenye ubishi wa mpaka aandikishe jina leo, mbele ya chakula.