Kila Saa na Kimo Chake: Mhadhara juu ya Uhusiano na Fankisheni



Ilimu ya aljebra, ambayo Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliitungia kitabu mashuhuri mjini Baghdad katika karne ya 9, humwanzisha mwanafunzi kwa kumtafutisha namba moja isiyojulikana. Naye akishaizoea kazi hiyo hushtuka kufika Kidato cha Tatu, ambako kwa miaka mingi mtaala wa Tanzania umeweka mada za uhusiano na fankisheni, na kuambiwa kwamba sasa hatafuti namba, bali anatazama jinsi namba zinavyofungamana na namba.

Uhusiano, kwa maana yake ya kihisabati, hauna makuu: ni mkusanyo wa jozi, na katika kila jozi kiko kinachotangulia na kiko kinachofuata, wala haijuzu kuvibadilisha mahali. Asiyependa alama na atazame jedwali la maji kujaa na kupwa, wanalolitumia wenye vyombo katika bandari za Unguja na Mombasa. Ukiitajia bahari saa, itakujibu kwa kimo kimoja tu; kwani haiwezekani maji ya saa ile ile, kwenye nguzo ile ile, yawe mita 1 na papo hapo yawe mita 3. Uhusiano wa namna hii, ambao ndani yake kila kinachotangulia kimepewa mfuasi mmoja wala si zaidi, ndio uitwao fankisheni. Lakini ligeuze jedwali, uulize kimo upate saa, na mambo yatavurugika: maadamu bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kimo cha katikati kitakurudishia aghalabu nyakati 4 mbalimbali, ilhali siku za maji mafu kimo cha bamvua hakitapata wakati hata mmoja. Jozi ni zile zile. Kilichogeuka ni upande wa kuulizia, na fankisheni imetoweka.

Kosa lililoenea madarasani, nami naliona kubwa kuliko yote ya mada hii, ni kudhani kwamba fankisheni ni kanuni iliyoandikwa kwa herufi. Wanafunzi wasilaumiwe upesi, kwa kuwa mwanahisabati Leonhard Euler mwenyewe, katika kitabu chake cha 1748, aliieleza hivyo hivyo, mpaka mjadala wake na mwanahisabati mwenzake d'Alembert juu ya umbo la uzi unaotetemeka ukamsukuma kuipanua fikra hiyo, na mwaka 1755 akaridhika kwamba yatosha kiasi kimoja kubadilika kwa kufuata kingine. Mwaka 1829 mwanahisabati Dirichlet alikwenda mbali zaidi: akaipa kila namba inayoandikika kuwa sehemu ya namba nzima mbili thamani moja, na kila isiyoandikika hivyo, kama kipeuo cha pili cha 2, thamani nyingine. Grafu yake hakuna mkono uwezao kuichora. Na bado ni fankisheni kamili, kwa sababu kila namba ina jibu lake, na jibu ni moja.

Kwa upande wa pili, ziko kanuni nzuri zisizo fankisheni. Katika y² = x, tukiitanguliza x na y ikafuata, namba 9 ina wafuasi wawili, 3 na −3, na mstari wa wima uliosimamishwa juu ya 9 huikata grafu mara mbili.

Alama f(x) nayo, ambayo Euler aliitumia tangu 1734, huwapoteza wengi, maana huisoma kana kwamba f inazidishwa kwa x. Ndipo mtoto huandika bila wasiwasi kwamba f(3 + 2) ni f(3) kujumlisha f(2). Na kama f(x) ni x², upande mmoja unatoa 25 na mwingine 13.

Basi nawasihi walimu walioko hapa: kabla ya kuandika f(x) ubaoni, wapeni wanafunzi majedwali ya jozi, mengine ya fankisheni na mengine siyo, wayapekue wenyewe kwa swali moja tu, yaani kama kipo kinachotangulia kilichopewa wafuasi wawili. Kanuni zije baadaye.