Mara ya Kwanza Sikumaliza

(Hotuba hii ilitolewa ukumbini katika sherehe yetu ya Uhuru ya mwaka jana. Tumeichapa kama ilivyosemwa, isipokuwa salamu za mwanzo tumeziacha.)

 

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa mimi ni "Akhwari wetu wa Wales". Namshukuru, lakini naomba nimsahihishe kabla sijaendelea. John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Goti likaumia, likafungwa bandeji, naye akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa. Lakini alimaliza. Walioanza siku ile walikuwa 75. Wale 18 waliobaki njiani hatuwataji katika sherehe yoyote. Mimi, mara ya kwanza, nilikuwa kama wale 18.

Medali mliyoiona kwenye kundi letu la WhatsApp ni ya mwaka huu. Mwenyekiti aliponiomba nizungumze na vijana kuhusu michezo, nilimwambia nitakuja kwa sharti moja, kwamba nisimulie ya mwaka jana, ambayo haina picha.

Kwa wasioyajua mashindano haya, yanaitwa Ironman. Yalianza Hawaii tarehe 18 Februari 1978, baada ya afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na wenzake kubishana nani ana pumzi zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Wakaamua kuunganisha yote matatu kwa siku moja. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mpaka leo ni hivyo hivyo: unaogelea kilomita 3.8, unapanda baiskeli kilomita 180, kisha unakimbia marathoni nzima, kilomita 42.2. Una saa 17 tu, na kila sehemu ina muda wake wa mwisho. Ukichelewa unatolewa. Hapa Wales hufanyika Tenby, mwezi wa Septemba.

Mimi si mwanariadha. Nina miaka 44, ni nesi, na wengi wenu mmeniona nikisinzia kwenye vikao vya jumuiya baada ya zamu ya usiku. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga. Bahari tuliijua, lakini wasichana wa rika langu hakuna aliyetufundisha kuogelea. Kaka zetu walijirusha majini, sisi tuliishia magotini tukiokota kombe maji yakipwa. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 41, katika bwawa la hapa Cardiff, darasa moja na watoto wa miaka sita. Mmoja wao aliniazima miwani yake ya kuogelea kwa sababu alinionea huruma.

Kwa nini nilianza? Daktari alinipima presha akaniambia namba ambayo mimi mwenyewe huwa nawaambia wagonjwa wasiifanyie mzaha. Nikaanza kutembea, nikakimbia kidogo, nikanunua baiskeli iliyotumika. Triathloni yangu ya kwanza ilikuwa ile fupi, mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Niliipenda kuliko nilivyotarajia. Nikajiona nimekuwa mtu wa maana, nikajiandikisha Tenby. Nikatangaza kwa kila mtu, na hapo ndipo nilipokosea, maana mama naye alitangaza mtaa mzima.

Basi, alfajiri ile tumesimama ufukweni, maelfu ya watu ndani ya suti za mpira, na kabla ya kuanza Wawelshi wakaimba wimbo wao wa taifa, Hen Wlad Fy Nhadau. Wanauimba kwa koo, hata mtu ambaye haelewi neno moja anasisimka. Mimi nilikuwa pale katikati, midomo inatetemeka kwa baridi, naimba Mungu Ibariki Afrika kimyakimya. Nawaambieni, niliimba kwa moyo kuliko miaka yote ya shule ya msingi.

Maji niliyaweza. Nilitumia saa mbili kasoro dakika chache, na mwisho ni saa mbili na dakika ishirini. Ukitoka majini unapanda njia ya kona kona kutoka ufukweni hadi mjini, watu wamejaa pande zote wanakupigia makofi kama umeolewa.

Baiskeli ndiyo iliyonimaliza. Barabara za Pembrokeshire ni vilima juu ya vilima, ukiviunganisha umepanda zaidi ya mita 2,000. Lakini si vilima vilivyonitoa. Ni maji ya kunywa. Niliogopa kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo kila kituo nilikunywa, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi, jasho hakuna. Maji matupu, bila chumvi. Kufika kilomita 100 pete imebana kidole, kichwa kinagonga, tumbo limejaa kama mtungi. Nikatapika. Nikanywa tena!

Mimi ni nesi. Mgonjwa wangu akiwa hivyo ningeomba apimwe sodiamu papo hapo. Maji yakizidi, chumvi ya damu inapungua, ubongo unaanza kuvimba, na mtu anaweza kufa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 chumvi yao iko chini. Utafiti huo niliusoma chuoni, nikautumia kwenye kazi ya darasa, nikapata alama nzuri. Kwenye baiskeli sikuukumbuka. Nawaambieni vijana mnaocheza mpira na kina mama mnaotembea jioni: kunyweni mkisikia kiu, na kwenye mazoezi marefu msinywe maji peke yake.

Saa kumi na nusu jioni, karibu na kilomita 140, niliteremka kwenye baiskeli nikashindwa kukumbuka gia ziko mkono gani. Watu wa huduma ya kwanza wakanizuia, wakanipima, wakaniambia imetosha. Nilibishana nao. Baadaye wakanipakia kwenye gari pamoja na baiskeli yangu, na dirishani nikawaona wenzangu wakiendelea kupanda.

Usiku ule simu ililia. Mama. Akauliza, "Umemaliza, mwanangu?" Nikasema, "Nimemaliza, mama."

Mwanangu alikuwa amekaa kando yangu. Ana miaka kumi na tatu, yumo humu ukumbini, na amenipa ruhusa ya kulisema hili. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, akainuka akaenda kulala.

Ijumaa iliyofuata mpwa wangu akanitumia picha kutoka Tanga. Mama ameandaa kisomo cha shukrani. Majirani wamekaa ukumbini, pilau sufuria mbili, na mama amevaa kanga mpya. Mwanangu akaiona picha kwenye simu yangu akauliza, "Bibi amenunua hiyo nyama kwa pesa gani?" Nilijua ni kwa zile nilizomtumia za dawa.

Nilikaa na jambo lile wiki tatu. Ndugu zangu, mtanisamehe, lakini hapa hakuna asiyenielewa. Sote tunazijua hizo simu. Kazi ikikatika, kazi nzuri. Ukiugua, mafua tu. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilifeli mtihani wa hesabu za dawa, nikarudia, na nyumbani niliwaambia nimekuwa wa tatu darasani. Hakuna aliyenilazimisha. Nilidhani namkinga mama asipate mawazo. Kumbe kwa miaka ishirini mama amekuwa na binti ambaye hajawahi kushindwa jambo, na binti huyo mimi simjui.

Nikampigia. Nikamwambia, "Mama, sikumaliza. Walinitoa." Kimya. Nikasikia muadhini wa kwetu kwa mbali. Kisha akasema, "Pilau limeshaliwa, haliwezi kurudi sufuriani. Uliumia?" Nikamweleza. Akauliza, "Na lipi jingine?"

Tulizungumza mpaka salio likaisha, nikaongeza, tukaendelea. Nilimwambia ule mtihani. Nilimwambia mwaka nilioishi chumba kimoja na wenzangu watatu. Yeye naye akaniambia ya kwake, kwamba macho yamepungua nuru na alikuwa ananificha, ili nisipate mawazo.

Mwaka huu nilirudi Tenby. Hilo halina hadithi ndefu. Nilifanya mazoezi ya chumvi na chakula kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, nikawapangia wenzangu kazini zamu za Krismasi ili wanipe Jumapili zangu, na nilikwenda polepole. Marathoni ni mizunguko minne, kila mzunguko unavishwa kitambaa cha rangi mkononi. Mzunguko wa tatu nilitembea karibu wote. Mwanangu alinisubiri kona moja na chupa ya mchuzi wa chumvi, akanikagua vidole kama daktari. Nilimaliza kwa saa 16 na dakika 21, watu wengi wameshakwenda kulala.

Sasa, kina mama wenzangu. Bwawa letu lina saa ya wanawake peke yao kila Jumapili asubuhi. Nimeshazungumza na mwalimu, yuko tayari kutufundisha tukifika wanane. Watoto wetu wanafundishwa shuleni, sisi tunakaa pembeni tumeshika mataulo. Karatasi ya majina iko mezani pale kwenye chai. Mwenye presha au sukari aonane nami kwanza.

La mwisho. Usiku ule wa Septemba nilipovuka mstari, nilimpigia mama, huko kwetu alfajiri haijaingia. Nikamwambia, "Mama, nimemaliza."

Akasema, "Mpe mjukuu wangu simu."