Usalama wa Uwanja Huanzia Mlangoni
Hotuba kwa viongozi wa mashabiki, wafanyabiashara na wakazi wa mpakani, Rusizi



Mada iliyotukutanisha ni maandalizi ya mechi za ligi katika uwanja mkubwa. Huenda mtu akauliza: mpira wa miguu una uhusiano gani na polisi, zaidi ya askari kusimama kando ya chaki na kutazama bure? Jibu langu ni kwamba mechi huwa salama au huwa hatari kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Jambo hilo huamuliwa mlangoni, na mlangoni tunakutana ninyi na sisi.

Naomba tuanze na nchi ya mbali, kwa kuwa nayo ni nchi yenye mpaka, na mpaka wake umewahi kuumiza watu wengi. Nchini Ireland kuna michezo miwili ya asili. Mmoja ni mpira wa Kigaeli, ambao huchezwa kwa mikono na miguu. Wa pili huitwa halingi, ambao wachezaji hupiga kijimpira kigumu kwa fimbo pana. Kila timu ina wachezaji kumi na watano, nao hawalipwi mshahara. Chama kinachosimamia michezo hiyo kiliundwa mwaka 1884, na mpaka ulipokuja kuigawa nchi, chenyewe hakikugawanyika: vilabu vya kaskazini na vya kusini vinacheza pamoja hadi leo. Uwanja wake mkuu, Croke Park wa mjini Dublin, unachukua watu zaidi ya 82,000.

Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, askari waliingia katika uwanja huo mechi ikiendelea, wakafyatua risasi. Watu kumi na wanne walipoteza maisha, akiwemo mchezaji mmoja. Majeraha ya namna hiyo hayaponi upesi. Kwa miaka mingi chama hicho kilikuwa na kanuni ya kumkataza polisi wa Ireland ya Kaskazini kuwa mwanachama wake. Kanuni hiyo iliondolewa Novemba 2001, mwezi uleule lilipoundwa jeshi jipya la polisi la huko, na mwaka uliofuata polisi hao wakaunda timu yao ya mpira wa Kigaeli. Hesabuni wenyewe: kutoka siku ile ya risasi hadi mlango huo kufunguliwa, ilipita miaka themanini na moja.

Ndugu zangu, hatuna haja ya kwenda Dublin kujua kwamba uwanja una kumbukumbu. Aprili 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Kanisa Kuu la Cyangugu walihamishiwa Uwanja wa Kamarampaka. Waliambiwa kwamba huko watalindwa. Badala yake, baadhi yao waliitwa kwa majina, wakatolewa nje na kuuawa. Katika uwanja wa Gatwaro, kule Kibuye, maelfu waliangamizwa. Na katika uwanja wa Amahoro, Kigali, maelfu walipata hifadhi chini ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Viwanja vyote vitatu vina nyasi, milango na ukuta. Kilichovitofautisha ni nia ya wale waliosimama milangoni.

Ndiyo sababu afisa wa polisi anayepangwa kulinda mechi mjini hapa hana budi kujua anasimama mahali gani. Kuna mzee ambaye huingia uwanjani na mjukuu wake aliyevaa jezi ya Espoir FC, na mzee huyo anakumbuka mambo ambayo mtoto hayajui. Heshima tunayompa pale mlangoni ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Sasa niseme namna ajali za uwanjani zinavyotokea, maana wengi hudhani husababishwa na ugomvi wa mashabiki. Mara nyingi sivyo. Msongamano unapozidi, watu walio mbele hubanwa kifua hadi wakashindwa kupumua, na walio nyuma hawana habari, wanaendelea kusukuma kwa sababu wamesikia goli limeingia. Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, watu 97 walikufa kwa namna hiyo katika uwanja wa Hillsborough. Polisi waliwatupia mashabiki lawama. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba mashabiki hawakuwa na kosa, na kwamba usimamizi wa polisi ulikuwa na kasoro kubwa. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, baadhi ya watazamaji walirusha viti, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, umati ukakimbilia milango iliyokuwa imefungwa. Watu 126 hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo kanuni za usalama za FIFA zinawakataza walinzi wa pembezoni mwa uwanja kubeba bunduki au gesi ya kutawanya watu.

Nawapeni na hesabu ndogo. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza hukadiria kwamba mlango mmoja wa kuzunguka haupitishi zaidi ya watu 660 kwa saa. Tukiwa na watu 3,000 na milango miwili, tunahitaji zaidi ya saa mbili. Ikiwa mechi inaanza saa tisa alasiri, na nusu ya watu wanafika saa tisa kasoro robo, hapo hakuna askari, hata awe na nguvu za simba, anayeweza kuwaingiza wote kwa amani. Haraka haraka haina baraka, na mlangoni huwa na msiba.

Jambo hili halihusu nchi za mbali tu. Agosti 2025, majirani zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda walipoandaa michuano ya CHAN, mashabiki walivamia milango ya uwanja wa Kasarani, Nairobi. Shirikisho la Soka la Afrika likapunguza idadi ya watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, katika uwanja unaochukua watu wengi zaidi ya hao. Wale waliovunja utaratibu walijipatia nafasi ya siku moja, na maelfu ya wenzao wakanyimwa nafasi siku iliyofuata.

Ipo njia rahisi ya kupunguza msongamano, na Waireland wameitumia. Mwaka 2011 timu za Dublin zilianza kuchezea mechi zao za ligi Croke Park, halingi na mpira wa Kigaeli siku moja, kwa tiketi moja. Mechi zinapokuwa mbili, watu hawafiki wote kwa dakika moja. Wengine huja mapema kwa ile ya kwanza, wengine hufuata taratibu. Pendekezo langu kwa vilabu vyetu ni kutanguliza mechi ya wasichana au ya vijana saa saba mchana, kabla ya mechi kubwa. Akina mama wauza maandazi na ndizi watapata wateja kwa saa nyingi zaidi, wasichana watapata watazamaji, na mlango utapumua.

Sisi wa mpakani tuna jambo la ziada. Mechi ikichezwa Rusizi, wapo wanaotoka Bukavu, na ikichezwa Bukavu, wapo wanaotoka hapa. Tarehe 30 Januari 2016, katika CHAN iliyofanyika nchini kwetu, Kongo iliitoa Rwanda kwa mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza, kisha ikatwaa kombe Februari 7 kwa kuifunga Mali 3 kwa 0. Tuliumia, nao wakafurahi. Ndiyo michezo. Lakini neno la dharau kuhusu kabila, lugha au taifa la mtu, likitamkwa jukwaani, huvuka daraja kabla ya mwenye kulitamka hajafika nyumbani. Mpinzani wa dakika tisini ndiye utakayemuuzia nyanya kesho asubuhi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Kwanza, fikeni mapema, na tiketi mnunue kabla ya siku ya mechi. Pili, kila kikundi cha mashabiki kiteue watu wake wa kuongoza umati, wanaojulikana kwa sura na kuheshimiwa. Kijana humsikiliza kaka yake kuliko kipaza sauti cha polisi. Tatu, anayevuka mpaka awe na hati halali, na ajue saa ya kurudi, ili mchezo usimgeuze mkosaji. Nne, mtoto asije peke yake. Mkamateni mkono, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana. Mkiona msukumano, au lango la kutokea limezibwa kwa gari au kwa biashara, mwambieni askari aliye karibu au pigeni simu 112.

Nasi tuna wajibu wetu, na mna haki ya kutudai. Milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli mechi ikiendelea, na mwenye ufunguo wa kila mlango asimame hapo hapo. Watazamaji wakizidi nafasi, tuwaambie ukweli mapema, wakiwa bado barabarani. Na askari wetu atangulize salamu kabla ya amri. Ukiona tumekwenda kinyume, njoo kituoni useme. Kulalamika si uadui.

Tarehe 1 Julai 2024 uwanja wa Amahoro ulizinduliwa upya ukiwa na viti zaidi ya 45,000, na timu yetu ya Police FC ilicheza na APR siku hiyo. Mahali palipokuwa kimbilio mwaka 1994 palijaa nyimbo. Hilo ndilo tunalolitaka na hapa Rusizi: mzee aje na mjukuu wake, washangilie au wahuzunike, kisha warudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe.

Sasa nakaribisha maswali, na nitafurahi tukianza na akina mama.