Mahame Yaliyo Karibu Nasi: Kibaha, Kisarawe na Kaole



Leo nia yetu ni kuwachukua katika safari fupi ya kutazama mahame. Tulipomwambia mzee mmoja wa Kisarawe kwamba tutanena juu ya majengo ya kale, alicheka akasema, "Majengo ya kale yako Kilwa na Unguja. Huku kwetu kuna nini, wanangu, ila mihogo na mikorosho?" Neno lake lilitukaa moyoni, na hotuba hii ndiyo jibu letu kwake.

Kwanza tusafiri mbali kidogo. Katika nchi ya Ufaransa watu wa mijini wana desturi ya kwenda mashambani siku za mapumziko, kutazama ngome za mabwana wa zamani na abasia, yaani makao ya watawa, ambayo mengine yamebaki kuta tupu. Mojawapo ni Cluny. Watawa wenye kufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto walianza kukaa huko mwaka 910, na kanisa lao kuu, lililoanzwa mwaka 1088, lilipita kwa ukubwa makanisa yote ya Wakristo, mpaka lilipojengwa upya kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Mgeni akifika Cluny leo huona sehemu ndogo tu ya kanisa lile. Wala halikuangushwa na tetemeko la nchi, wala na adui. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1789 liliuzwa, na walionunua wakalibomoa polepole kwa miaka mingi, wakiuza mawe yake kama mtu auzavyo kuni. Basi mtu asidhani ya kuwa watu wa Ulaya wamezaliwa na heshima ya mambo ya kale. Waliipata baada ya hasara.

Sasa turudi kwetu. Ni kweli kwamba wazee wa Kizaramo na wa Kikwere waliokaa bara ya Kibaha na Kisarawe hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti, fito na udongo, wakaezeka kwa nyasi au makuti. Nyumba ya namna hiyo ikiachwa, mchwa huanza kazi na mvua huimaliza, na baada ya masika machache huoni hata nguzo. Lakini hame halipotei kabisa. Ukipita porini ukakuta miembe mikubwa imekusanyika pamoja, wala hapana nyumba, simama hapo. Mwembe si mti wa asili katika misitu yetu; asili yake ni pande za Bara Hindi, na uzao wake umefika huku kwa mikono ya watu. Mahali pale walikaa watu, wakala maembe, wakazaa watoto. Tazama chini, huenda ukaona vigae vya vyungu, au jiwe la kusagia, au makaburi yaliyozama katika majani. Kisha mwulize mzee wa karibu jina la mahali. Mara nyingi kijiji kimekufa zamani, lakini jina lingali hai kinywani mwake, na akifa yeye bila kuulizwa, kijiji kitakufa mara ya pili.

Kule Kibaha jambo hili lina haraka. Mwaka 1963, kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, lilianzishwa huko shirika la elimu, na tangu hapo Kibaha imekua, hata imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Viwanja hupimwa, misingi huchimbwa. Hatulaumu, maana watu lazima wapate mahali pa kukaa. Ila tunamwomba achimbaye msingi, akikuta vigae vyenye michoro, au mavi ya chuma, yaani yale makapi mazito meusi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, asiyatupe bila kumwonyesha mwalimu au afisa wa utamaduni. Profesa Felix Chami alichimbua mahali paitwapo Limbo, kusini ya Dar es Salaam, akakuta mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita. Watu wengi walikuwa wamekanyaga makapi yale kabla yake, wakayaona mawe mabaya tu.

Tupande sasa milima ya Pugu, ambayo mtu wa Kisarawe huifikia kwa mwendo mfupi. Hapo palikuwa na mfano wa Cluny, ingawa ulikuwa mdogo sana na maisha yake mafupi. Mwaka 1888 watawa Wabenediktini, watu wa kanuni ile ile tuliyoitaja, walifika kutoka Ujerumani, wakajenga misheni Pugu. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, kampuni ya Wajerumani ilishika mamlaka katika miji ya pwani kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Watu wa pwani hawakuulizwa. Wakaondoka kupigana, na aliyejulikana zaidi miongoni mwa wakuu wao ni Abushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 vita vikafika Pugu. Ndugu wawili na sista mmoja waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na misheni ikaangamizwa, haijatimiza hata miaka miwili. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule.

Habari hii husimuliwa kwa namna mbili. Wengine huwakumbuka wafu wa misheni tu. Wengine huwakumbuka tu wale waliopigania nchi yao. Sisi twaona ya kuwa mtu asimamaye juu ya kilima kile ana nafasi ya kuwakumbuka wote, kwa kuwa wote walikufa kwa sababu ya mapatano yaliyoandikwa na watu wengine, mbali na Pugu. Wabenediktini hawakuiacha nchi. Mtu atakaye kuona abasia iliyo hai, yenye kengele, karakana na mashamba, na aende Peramiho, iliyoanzwa mwaka 1898, au Ndanda, iliyoanzwa mwaka 1906.

Hapo Pugu pana jambo jingine ambalo wanafunzi watalipenda. Katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Julius Nyerere alikuwa mwalimu mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi ili ashike siasa. Jengo halihitaji kuwa gofu ndipo liwe na historia.

Lakini twajua kwamba moyo wa mtu hutamani kuona mawe. Basi tutoke Kibaha kwa barabara kuu mpaka Mlandizi, tushike njia iendayo Makofia, mpaka tukaribie Bagamoyo. Kusini ya mji ule, mwendo wa kilomita tano hivi, liko hame la Kaole. Wasafiri Burton na Speke walianzia hapo safari yao mwezi wa Juni mwaka 1857, wakapita nchi ya Wazaramo wakifuata bonde la mto Kingani, ambao sisi twauita Ruvu. Kwa hiyo Kaole si nchi ya ugenini kwa mtu wa Kibaha. Ilikuwa mlango wa nyumba yake.

Walipofika wao, mji wa mawe ulikuwa umekwisha kuwa magofu siku nyingi. Pana misikiti miwili, na ule wa zamani zaidi husemwa kuwa wa karne ya 13. Pana makaburi yapatayo 22. Kuta ni za matumbawe, yaani mawe ya baharini, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Paa limeanguka, lakini mihrabu ingalipo, nawe waweza kusimama aliposimama imamu. Juu ya makaburi mengine zimesimama nguzo za mawe, na katika nguzo hizo mafundi waliacha mashimo ya mviringo, wakatia mabakuli ya Kichina. Fikirini jambo hilo, wanafunzi. Bakuli lilitoka Uchina, likavuka bahari katika jahazi baada ya jahazi, likafika kwa watu hawa, nao hawakulila wali. Walilitia katika kaburi la mpendwa wao ling'ae juani.

Leo mashimo yako, mabakuli hayako. Bakuli la Kaole limehifadhiwa katika makumbusho, na hilo ni jema. Lakini mangapi yaling'olewa kwa kisu? Kunduchi nako ni vivyo hivyo.

Hapa yatupasa kuungama. Tulipokuwa wavulana tulikwenda kutazama makaburi ya namna hiyo, tukashindana kutupa mawe, nani ataipiga nguzo. Mmoja wetu akaokota kigae cha rangi ya kijani, kizuri, chenye kung'aa, akakitia mfukoni. Kabla hatujafika nyumbani kilikuwa kimekwisha potea njiani. Kigae kile kilikaa mahali pake mamia ya miaka, nasi tukakipoteza alasiri moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, lakini siku ile hatukuwa na habari ya sheria yoyote, wala hapakuwa na mtu mzima wa kutuambia.

Basi mwalimu apelekaye watoto Kaole na awaambie mambo machache kabla ya kushuka garini. Wasipande juu ya kuta, kwa maana chokaa ya kale huachana upesi. Wasiandike majina yao. Wasichukue kitu. Wanyamaze penye kaburi la Sharifa, kwa sababu watu wangali wakienda hapo kuomba dua, na gofu kwa mgeni ni ziara kwa mwenyeji.

Kisha awapeleke upande wa bahari. Wataona mikoko, si bandari. Husemwa ya kuwa mchanga na mikoko viliijaza bandari, vyombo vikashindwa kukaribia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Watoto watauliza kama watu wote waliondoka. Na awaonyeshe kisima cha kale, kilicho karibu sana na maji ya chumvi, wachote maji yake wayaonje. Ni matamu mpaka leo.