KIJANA WA CHUO, USIIOGOPE KALAMU

(Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya wanafunzi)

Ndugu zangu wanafunzi,

Juzi alinijia kijana wa kwetu mlimani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alitakiwa kuandika kurasa tano juu ya maji na kilimo. Siku tatu alikaa mbele ya karatasi tupu. Akaniambia, "Mzee, mimi sina nilijualo." Nikamwuliza, "Baba yako ana kazi gani?" Akajibu, "Ni mwenyekiti wa mfongo."

Nilicheka, kisha nikasikitika. Mtoto aliyekua akiona zamu za maji zikigawanywa na magomvi ya maji yakisuluhishwa, leo anasema hana alijualo!

Ndugu zangu, woga huu si wa ujinga. Ni wa kuamini kwamba elimu ni ile tu iliyotoka ng'ambo na kuandikwa kwa Kiingereza. Huo ni mzigo wa ukoloni, nasi hatuna budi kuutua.

Wazee wetu walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, ambayo mwalimu aliifuata alama kwa alama akiwafunza vijana. Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyefariki mwaka 1927, aliwauliza wazee, akaandika habari za Wamangi. Kathleen Stahl alipotoa kitabu chake cha historia ya Wachagga mwaka 1964, alitumia maandishi ya Mtui. Basi msomi wa Kizungu alijifunza kwa Mchagga! Naye Petro Itosi Marealle alitoa kitabu juu ya maisha ya Mchagga mwaka 1947, kwa Kiswahili. Na wakulima wa kahawa walioanzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, hawakungoja digrii ndipo waandike. Chuo cha Ushirika kilikuja baadaye, mwaka 1963, kikawa Chuo Kikuu mwaka 2014.

Nawaombeni mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika, mweleze mwenzio kwa lugha unayoimudu, Kiingereza kitafuata. Pili, waulize wenye kazi yao, na mtaje aliyekufundisha kama unavyomtaja mwenye kitabu. Tatu, kabla ya kumpelekea mwalimu, wasomee wale uliowaandika habari zao. Vitabu vya ng'ambo visomeni pia, lakini mvipime kwa mnayoyaona.

Yule kijana alikwenda nyumbani, akamsomea baba yake. Mzee akamsahihisha mahali pawili, akamwongezea mengine. Kurasa tano zikawa saba, na woga ukamtoka.

Wazee wanaondoka, na wanayoyajua wanaondoka nayo. Tusipoandika sisi wataandika wengine, na wajukuu wetu watasoma habari za kwao kama wageni. Jumamosi hii pandeni mlimani, mkae na wazee, mwulize, mwandike.

Uhuru na Kazi!