Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wazee wetu walituachia usemi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi usemi huu hutamkwa kwa utani, kana kwamba nia yake ni kumchosha mgeni ili aondoke. Sisi wa Tume tunauelewa kwa namna nyingine. Mtu anayepewa jembe amekwisha kuonyeshwa na shamba. Amehesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa nyumba, na wenyeji watafaidi jasho lake kama yeye alivyofaidi ukarimu wao.

Leo tunataka kuupima usemi huo kwa historia ya nchi yetu, Tanzania. Tunalosema ni hili: mchango wa mgeni katika uchumi hautokani na bidii yake peke yake, bali pia na yale ambayo sheria inamruhusu kuyafanya.

1. Misitu iliyogeuka mashamba

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwatengea ardhi: Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, makazi haya mawili ya mwisho sasa yamo katika Mkoa wa Katavi. Ilikuwa misitu ya miombo yenye mbung'o na watu wachache. Kila kaya ilipewa shamba lake. Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la kikristo la TCRS walishirikiana kuleta maji, barabara, shule na zahanati. Posho ya chakula ilitolewa mpaka watu walipovuna vya kutosha, kisha ikakoma.

Matunda yake yalionekana. Mahindi, maharage, mihogo na tumbaku vilitoka katika mashamba hayo na kufika sokoni. Mwaka 1985 Mishamo nayo ilikabidhiwa kwa Serikali, kwa kuwa wakazi wake walikuwa wakijilisha wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mwalimu Nyerere alikuwa ametunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yetu ilivyowatendea wakimbizi.

2. Faida na hasara humwangukia nani?

Haki haituruhusu kuficha upande wa pili. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni, na barabara na zahanati zikaelemewa. Mwenyeji mwenye shamba kubwa alipata vibarua wengi kwa ujira mdogo, akapanua kilimo chake, akauza ndizi na maharage kwa bei nzuri. Lakini mwenyeji aliyeishi kwa kulima mashamba ya wengine alikuta ujira wake umeshuka na bei ya chakula imepanda.

Kwa hiyo, anayeuliza kama wageni huleta faida au hasara hana budi kuuliza kwanza: kwa nani? Malalamiko ya kibarua yule ni ya haki, nayo yanadai ujira uliolindwa na huduma zilizoongezwa kijijini kwake. Kumfungia mgeni asifanye kazi hakumrudishii kibarua ardhi asiyokuwa nayo tangu mwanzo.

3. Jembe liliponyang'anywa

Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Ikafuata Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyowataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa na wasitoke bila kibali. Warundi waliokimbia kuanzia mwaka 2015 walipokewa chini ya sheria hiyo, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Mwaka 2017 mpango wa kuwapa fedha za kununulia chakula ulisimamishwa. Baadaye yakafungwa masoko ya pamoja, ambako wakimbizi na wanakijiji walikuwa wakiuziana bidhaa.

Serikali ilitaja sababu za usalama, na pia ukosefu wa msaada kutoka kwa mataifa tajiri. Sababu hizo hatuzidharau. Ni kweli kwamba nchi maskini imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko walio nacho. Hata hivyo, matokeo yake tuyatazame. Soko lilipofungwa, mama wa kijijini aliyeuza mihogo alipoteza wateja sawasawa na mama wa kambini aliyeuza sabuni. Mkulima hodari mwenye nguvu zake akabaki akingoja mgao, na mgao ulipopungua hakuwa na njia halali ya kuuongeza. Kisha watu wakasema kwamba wakimbizi ni tegemezi!

4. Gharama ya kutokujua kesho

Hata Warundi wale wa 1972 walionja jambo hili. Serikali ilipowauliza mwaka 2007, wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania kuliko kurudi. Maombi yalianza kukubaliwa, lakini kwa sharti la kuhama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, na utekelezaji ukasitishwa mwaka 2011. Kwa miaka kadhaa hawakujua wangeishi wapi. Nani atapanda mwembe, au kujenga nyumba ya matofali, mahali atakapoambiwa ahame? Hatimaye sharti hilo liliachwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kuwagawia vyeti vya uraia. Waliokubaliwa walizidi 162,000. Huo ulikuwa uamuzi wa heshima. Lakini misimu ya kilimo iliyopita katika mashaka hairudi.

Ndugu wapendwa,

Ruthu Mmoabu aliokota masuke katika shamba la Boazi kwa sababu sheria ya Israeli ilimwachia mgeni na maskini nafasi ya kufanya hivyo. Wema wa Boazi ulikuwa na sheria ya kuuegemea. Nasi tunaomba mambo matatu: mkimbizi aruhusiwe kulima, kuuza na kuajiriwa, kibarua mwenyeji alindwe asipunjwe kwa sababu ya mgeni, na mataifa yenye uwezo yatimize ahadi zao kwa vijiji vinavyopokea. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuyazungumze haya bila kejeli, tukiwasikiliza wenyeji na wageni pamoja.

Kwa zaidi ya kizazi kimoja tumewafungulia watu mlango. Sasa tuwaonyeshe shamba.