Nguzo ya Absalomu na Picha Zetu za Theluji

Nimepewa dakika kumi na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Fungueni Samweli wa Pili. Absalomu mwana wa Daudi alisifiwa uzuri Israeli nzima, hana kasoro toka utosini mpaka unyayoni. Nywele zake alizikata mara moja kwa mwaka, na akizikata zinapimwa: shekeli 200. Jamani, nani anapima nywele zake? Ni mtu anayejua kuna watu watauliza uzito. Tena alikuwa mwanasiasa hodari. Alfajiri yuko njiani karibu na lango, kila mwenye kesi anaambiwa ana haki, anayetaka kumwinamia anakumbatiwa na kubusiwa. (Nawasikia wazee wa siasa mmeshaanza kutaja majina. Subirini, leo si zamu yao.)

Kilichonikamata mimi ni sura ya 18, mstari wa 18. Absalomu akiwa hai, alijisimamishia nguzo katika Bonde la Mfalme na kuipa jina lake mwenyewe. Sasa someni mstari wa juu yake, wa 17. Huyo huyo Absalomu anatupwa kwenye shimo msituni na kurundikiwa mawe. Nadhani mwandishi hakuiweka mistari hiyo jirani kwa bahati mbaya.

Na mimi nguzo yangu ninayo. Iko Facebook. Nimesimama mbele ya yale maandishi makubwa ya TORONTO pale Nathan Phillips Square, koti refu jeusi, theluji inaanguka kama kwenye sinema. Koti lilikuwa la kuazima. Usiku ule ule nilikuwa zamu kwenye ghala huko Brampton, nabeba maboksi kama wengi wenu hapa. Boksi sikulipiga picha.

Laiki 214. Nazikumbuka kwa sababu nilizihesabu, na wakati wa mapumziko nilikuwa naingia chooni kuangalia kama zimeongezeka.

Hapa hapa mjini kwetu, Chuo Kikuu cha Toronto, alifundisha profesa mmoja aitwaye Marshall McLuhan, mtu aliyeingia Ukatoliki mwaka 1937 na kufariki 1980, kabla ya mitandao hii yote. Katika kitabu chake cha 1964 aliigusa ile hadithi ya Wagiriki ya kijana Narcissus aliyenasa kwenye sura yake majini. Wengi tunasema alijipenda mno. McLuhan alikataa. Alisema kijana yule hakujua kwamba ni yeye. Alidhani anamtazama mtu mwingine, akapigwa ganzi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Yule wa koti jeusi nilikuwa namtazama kama mtu mwingine, tajiri fulani hivi, na mwishowe nikamwamini.

Kumbe si mimi peke yangu niliyemwamini. Baba aliugua ngiri kule Morogoro, akatakiwa kufanyiwa upasuaji. Wadogo zangu wakatulia: kaka yuko Kanada, picha si tumeziona? Wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazini, mwezi wa pili sina zamu. Ningesema tu. Lakini ningesemaje, wakati nguzo imesimama pale na jina langu? Nikajibu "nalishughulikia". Mzee alisubiri wiki saba kwa maumivu, mpaka dada yangu alipokopa VICOBA kimyakimya. Alipona, Mungu ni mwema. Dada aliniuliza swali moja tu: "Kaka, si ungesema?"

Machi 2024 bodi nne za shule za Ontario, mbili zikiwa za hapa Toronto, zilifungua kesi dhidi ya wenye Facebook na Instagram, Snapchat na TikTok, zikidai zaidi ya dola bilioni 4 za Kanada kwa jinsi programu hizo zinavyowanasa watoto. Mimi naziunga mkono. Ila mimi si mtoto, nina miaka 51, na hakuna aliyenilazimisha kuazima koti.

Yesu katika Mathayo 6 anasema wapigao tarumbeta watoapo sadaka wamekwisha kupata thawabu yao. Zamani nilidhani ni kemeo. Siku hizi naona ni kama risiti: umeshalipwa, hesabu imefungwa. Laiki 214, basi.

Mwezi uliopita nilimpigia baba. Nikamweleza kila kitu: ghala, maboksi, koti la watu, zile wiki saba. Akanyamaza mpaka nikadhani vocha imekata. Halafu akauliza:

"Humo ghalani kuna baridi sana, mwanangu?"